Shimo, karo, baiodaijesta au bomba: majitaka ya kiwanja chako Dodoma yaende wapi?

Dodoma haina mto wa kufichia uchafu. Dar wana Msimbazi, Morogoro wana mto wao, maji yapo hata yakiwa machafu. Sisi tuna makorongo. Kuanzia Mei hadi Novemba ni mchanga mtupu: watoto wanachezea mpira humo, mbuzi wanapita, vibarua wanachota mchanga wa kujengea. Ukielekeza bomba la majitaka korongoni mwezi wa saba, hakuna kinachosafiri. Maji yananywewa na mchanga mita chache kutoka yalipotokea, tope linabaki juu, linakauka, linageuka vumbi. Mvua ya kwanza ya mwisho wa Novemba au ya Desemba ndiyo inayolizoa lote kwa mpigo mmoja. Makorongo ya upande wa kaskazini na mashariki mwa jiji yanaelekea bonde la Kinyasungwe, lenye Bwawa la Hombolo lililojengwa mwaka 1957, na Kinyasungwe ni tawi la Wami.

Na yale maji yaliyonywewa na mchanga hayakupotea. Jiji hili limekunywa kwa miaka mingi maji ya visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na watu wengi wana visima vyao wenyewe viwanjani. Tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuta naitreti nyingi kwenye maji ya ardhini ya Dodoma na kuihusisha na majitaka. Naitreti haionekani, hainuki, na haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha unaizidisha, maana maji yanapungua nayo inabaki. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na wanaodhurika mapema ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo.

Kwa hiyo kila njia hapa chini tumeipima kwanza kwa maswali mawili: tope litaishia wapi, na maji yake yatatokea kwenye kisima cha nani. Gharama ya kuchimba inalipwa mara moja, ya gari la kunyonya tope inarudi kila baada ya miaka michache, na wengi hupiga hesabu ya kwanza tu. Shimo la kunywea ni lile ambalo maji yanayotoka karoni yanazama ardhini, na baiodaijesta ni tangi lililozibwa ambamo bakteria wanaozesha kinyesi.

| | Choo cha shimo | Karo na shimo la kunywea | Baiodaijesta | Bomba la mamlaka |
|---|---|---|---|---|
| Maji ya lazima kwa mtu kwa siku | Lita chache za kutawaza | Lita 30 na zaidi | Lita chache kila anayeingia | Lita 60 na zaidi |
| Udongo | Wowote unaochimbika, maji ya ardhini yawe mbali | Unaonyonya vizuri | Unaonyonya vizuri | Haijalishi |
| Tope | Linabaki shimoni hadi lijae | Gari, kila miaka 2 hadi 4 | Gari, kwa kuchelewa | Linaondoka lenyewe |
| Huharibiwa na | Mafuriko, kuporomoka | Mfinyanzi, kutonyonywa | Kutolishwa, kemikali, shimo baya la kunywea | Mgao wa maji, mchanga, pampasi |

Anza na udongo

Kwa simulizi ya Wagogo, jina la mji linatokana na tembo aliyezama kwenye tope, *idodomya*. Fundi yeyote aliyechimba kwenye udongo mweusi wa mbuga anamwelewa huyo tembo. Udongo ule ukipata maji unavimba na kuziba kabisa. Ukikauka unapasuka nyufa za kupitisha mkono. Mita mia tatu mbele unaweza kukuta kichanga chekundu kinachonywa kama sifongo, na ukisogea kuelekea vilima vya mawe unagonga mwamba kabla hujafika kiunoni. Viwanja viwili vya mtaa mmoja vinaweza kuhitaji mifumo tofauti, kwa hiyo kunakili karo la jirani ni kamari.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Chimba shimo dogo la sentimita 30 kwa 30, sakafu yake iwe kwenye kina kile ambacho maji yatanywewa. Kwaruza kuta kwa ncha ya panga, kwa sababu jembe hupiga plasta na kuziba vitundu vya udongo. Toa udongo uliodondoka, weka kokoto za sentimita 5 chini. Jaza maji jioni, ongeza yakishuka, liache lilale limelowa. Asubuhi weka maji yafike sentimita 15 juu ya kokoto, simamisha kijiti chenye alama, hesabu dakika ambazo maji yanachukua kushuka sentimita 2.5. Rudia mpaka vipimo viwili mfululizo vifanane.

Dakika 5 hadi 30 ni udongo mzuri. Kati ya 30 na 60 inawezekana, ila utahitaji eneo kubwa. Ikipita 60, achana na shimo la kunywea hapo. Ikiwa chini ya 5, usifurahi haraka: maji yanapita kabla udongo haujayachuja, na kama kuna kisima jirani ndiyo njia fupi ya kukifikia.

Kosa kubwa ni kupima Oktoba kwenye mbuga. Nyufa za kiangazi zinameza ndoo nzima kwa dakika tatu, fundi anasema udongo ni safi, karo linajengwa, na Februari choo kinarudisha. Kulowesha usiku mmoja husaidia, lakini udongo unaovimba unataka siku mbili au tatu za kulowa. Kipimo cha kuaminika hasa ni cha Februari au Machi, ardhi ikiwa imeshiba.

Choo cha shimo

Kinadharauliwa kuliko kinavyostahili. Kwa nyumba isiyo na maji ya bomba ndani, kwenye ardhi kavu ya kwetu yenye mvua isiyofika sana milimita 600 kwa mwaka, shimo zuri linashinda karo bovu kwa mbali. Hakuna maji mengi ya kusukuma uchafu kwenda chini, na chini ni mbali.

Hesabu yake: mtu mmoja hujaza lita 40 hadi 60 kwa mwaka. Shimo la kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 3 lina ujazo wa takribani mita za ujazo 3.4, ukiacha nusu mita ya juu, zinabaki 2.8. Familia ya watu sita kwa lita 60 inaweka lita 360 kwa mwaka, kwa hiyo shimo linadumu karibu miaka minane. Likianza kutumika kama bafu pia, hesabu hiyo inakufa. Maji ya kuoga yatengwe.

Jenga pete ya tofali au zege kwenye mita ya kwanza kwa lazima, na hadi chini kabisa kama ni kichanga. Bomba la hewa liwe la inchi 6, lipite paa kwa nusu mita, na wavu wa nzi juu. Wavu ukitoboka, bomba linakuwa mlango wa nzi.

Likijaa ndipo fedheha inapoanza. Kwenye mitaa iliyobanana wapo wanaosubiri mvua kubwa usiku, wanatoboa ukuta wa shimo na kulitapisha mtaroni. Mayai ya minyoo ya askarisi yanaweza kukaa hai kwenye udongo kwa mwaka na zaidi, kwa hiyo anayetapisha Januari anawapandia minyoo watoto wa mtaa hadi Januari nyingine. Dawa ni mashimo mawili: moja linatumika, lingine limefungwa. Lililofungwa miaka miwili kamili hutoa kitu cha kahawia kisichonuka, kinachochimbwa kwa koleo na kwenda shambani. Kila shimo linahitaji kipenyo cha mita moja tu, na kina chake kitegemee idadi ya watu.

Karo na shimo la kunywea

Hili ndilo chaguo la nyumba nyingi mpya, kuanzia Ilazo na Kisasa hadi Iyumbu na Nzuguni, na ndilo linalojengwa vibaya kuliko yote. Tulitazame kwa karibu.

Chukua familia ya watu sita, kila mmoja akitoa lita 80 za majitaka kwa siku. Hiyo ni lita 480. Karo liyatulize maji walau siku nzima, na liwe na nafasi ya tope: lita 40 kwa mtu kwa mwaka, mara sita, mara miaka mitatu, ni lita 720. Jumla 1,200, kisha kuna utando wa mafuta unaoelea juu na nafasi ya hewa, na zipo siku za wageni na misiba. Kipimo cha ndani cha urefu mita 2.4, upana mita 1, kina cha maji mita 1.2 kinakupa lita 2,880, na hicho kinatosha bila ubishi. Gawa vyumba viwili: cha kwanza mita 1.6, cha pili 0.8. Tundu la kuunganisha liwe katikati ya kina cha maji, mahali penye maji safi kidogo, kwa maana juu kuna utando na chini kuna tope.

Bomba la kuingiza na la kutoa ni la inchi 4, na kila moja liishe kwa tii, kiungo cha umbo la T. Mguu wa tii ya kuingiza uzame sentimita 30, wa kutolea sentimita 45 hadi 50, na tundu la kutolea liwe chini ya la kuingiza kwa sentimita 5 hadi 7. Mafundi wengi wanaziruka tii hizi kwa sababu hazionekani mfuniko ukishafungwa. Bila tii ya kutolea, utando wa mafuta unasafiri moja kwa moja hadi shimo la kunywea na kulipaka kuta zake. Mwaka mmoja au miwili linaacha kunywa, na hapo mwenye nyumba anaambiwa "shimo limejaa, tuchimbe lingine". La pili litaziba hivyohivyo.

Ujanja mwingine wa kujihadhari nao ni karo lisilo na sakafu. Fundi anajenga kuta, chini anaacha udongo, anakwambia hili halijai kamwe. Kweli halijai, kwa kuwa ni choo cha shimo kinachopokea lita 480 kwa siku. Kabla ya kufukia, jaza maji, weka alama, rudi baada ya saa 24. Maji yakishuka zaidi ya kile plasta ilichonyonya, mfanye arudie plasta akiwa bado hajalipwa.

Sasa shimo la kunywea. Kinachohesabiwa ni eneo la kuta chini ya bomba, kwa sababu sakafu huziba mapema. Kichanga hunywa lita 33 hadi 50 kwa mita ya mraba kwa siku, tifutifu 25, mfinyanzi 10, na mbuga inayovimba chini ya hapo. Lita zetu 480 kwenye tifutifu zinataka mita za mraba 19. Shimo la kipenyo cha mita 1.5 lina mzingo wa mita 4.7, kwa hiyo lishuke mita 4 chini ya bomba. Kwenye mfinyanzi unahitaji mita za mraba 48, yaani kina cha mita 10, au mashimo matatu. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba, ukuta na kisima, hayo mashimo matatu hayana pa kukaa. Hapo karo si jibu, hata likijengwa na fundi bora Tanzania nzima.

Umbali na kisima: mita 30 ni kipimo cha kawaida kwenye udongo. Kwenye mwamba wenye nyufa, na sehemu kubwa ya visima vya Dodoma vinachota kwenye nyufa za mwamba, mita 30 hazina maana kubwa. Ufa unaweza kubeba maji mbali bila kuyachuja. Sakafu ya shimo iwe walau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini yanapokuwa juu kabisa, baada ya masika.

Kunyonya kuna kipimo chake. Funga kitambaa cheupe chenye nyuzi nyingi, taulo kuukuu linafaa, kwenye mti wa mita mbili, uteremshe hadi sakafuni mwa chumba cha kwanza, subiri dakika chache, uvute polepole. Palipochafuka kwa weusi ni tope. Likifika sentimita 40 kwenye kina chetu cha mita 1.2, ita gari. Wengi wanasubiri choo kirudishe, na wakati huo tope limeshahamia kwenye shimo la kunywea ambalo gari haliwezi kulifufua. Usimruhusu mtu yeyote ateremke ndani ya karo, hata likiwa tupu, hata kwa dakika moja kuokota simu. Gesi ya humo huangusha mtu kabla hajapiga kelele, na wanaomfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Kuhusu korongo: majitaka ghafi ya nyumbani yana mahitaji ya oksijeni (oksijeni ambayo bakteria wanaitumia kuozesha uchafu majini) ya miligramu 400 hadi 500 kwa lita, na karo zuri hupunguza asilimia 30 hadi 50 tu. Kinachotoka kina 200 hadi 350. Kanuni za ubora wa maji za Tanzania za mwaka 2007 zinaruhusu 30 kwa majitaka yanayoachiwa kwenye mazingira. Bomba la karo lililotobolewa kuelekea mtaroni linafikia karibu mara saba ya kikomo au zaidi, kwa lugha nyepesi. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 za kingo za mto, na korongo lisilo na maji mwezi wa tisa bado lina kingo.

Baiodaijesta, "choo kisichojaa"

Tuanze na tangazo. Hakuna tangi lisilojaa. Bakteria wanakula kinachooza. Mchanga, majivu, nywele, plastiki na sehemu ngumu ya kinyesi vinabaki. Linachelewa kujaa, mara nyingi kwa miaka mingi kuliko karo dogo, na hilo ni jambo zuri la kutosha bila kuongezewa chumvi.

Faida yake halisi ni udogo. Kiwanja chembamba cha Chang'ombe au Chamwino kinaweza kukipokea mahali ambapo karo la mita 2.4 halipiti. Udhaifu wake ni kwamba maji yanayotoka bado ni majitaka, bado yanataka shimo la kunywea, na bado yana naitrojeni karibu yote iliyoingia, ile inayogeuka naitreti ardhini. Muuzaji akisema maji yake ni safi hadi kumwagilia mboga, mwombe kipimo cha maabara cha bakteria wa kinyesi. Usimwagilie mchicha kwa ahadi.

Gesi? Kinyesi cha mtu mmoja hutoa lita 25 hadi 30 kwa siku. Familia ya sita inapata lita 150 hadi 180, na jiko moja linachoma lita 300 hadi 400 kwa saa. Ni nusu saa ya moto, chai na uji wa mtoto. Kwa familia, haitoshi kuwa sababu ya kununua. Wafugaji wenye ng'ombe wanne zizini wana hesabu nyingine kabisa, kwa sababu samadi ndiyo inayolisha mtambo na choo kinakuja kama nyongeza. Shule ya bweni yenye wanafunzi 500 inaweza kufikia mita za ujazo 12 kwa siku, na hapo sufuria la maharage linaanza kuonekana.

Dawa za kuua vijidudu zinazomiminwa chooni kila siku zinaua pia bakteria wa ndani. Safisha kwa sabuni ya kawaida na brashi.

Bomba la mamlaka

Kama bomba la DUWASA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya Dodoma, linapita mbele ya kiwanja chako, unganisha. Hatuoni sababu ya kuzungusha maneno. Tope linaondoka lenyewe, kisima cha jirani kinapumua, na kiwanja kinabaki chako. Mtandao haujafika kila mahali, na mji umetanuka kwa kasi tangu Serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016 na kupewa hadhi ya jiji 2018, kwa hiyo ukiwa eneo jipya uliza ramani kabla ya kuchimba karo. Ukiambiwa bomba linakuja, jenga karo upande wa barabara ili siku hiyo uunganishe kwa mita chache tu.

Bomba la kutoka nyumbani: inchi 4, mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Mteremko mdogo mno unaacha kinyesi njiani. Chemba kwenye kila kona na kila muungano, na sakafu ya chemba iwe na mfereji wa nusu duara uliopigwa laini. Chemba yenye sakafu bapa ni dimbwi. Mifuniko ya zege inadumu kuliko ya chuma, kwa sababu ya chuma inaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na tundu lililobaki linageuka jalala.

Mtandao wa Dodoma una maadui wanne. Mgao: siku maji hayatoki, vinavyoingia bombani havina cha kuvisukuma. Mchanga na majivu ya kusugulia masufuria, vinavyotulia chini na kuganda. Pampasi na taulo za kike. Wa nne ni maji ya mvua: mwenye nyumba anachoka na dimbwi uani, anaelekeza bomba la paa kwenye chemba. Paa la mita za mraba 150 kwenye mvua ya milimita 30 linamwaga lita 4,500, sawa na majitaka ya siku tisa ya familia yetu, ndani ya saa moja. Chemba za chini ya mtaa ndizo zinazotapika. Weka tangi, uvune hayo maji. Kwenye mji huu kuyatupa ni dhambi ndogo.

Na mwisho wa bomba kuna nini? Mabwawa, kama yale ya Swaswa. Kwa hali ya hewa yetu ni teknolojia sahihi, hata kama hayapendezi kwenye picha. La kwanza huwa la kina cha mita 3 hadi 4, halina hewa, tope linatulia na kuoza. La pili, mita 1.5, ni la kijani: mwani unatengeneza oksijeni kwa jua, bakteria wanaitumia kula uchafu. Ya mwisho ni ya mita moja, na kazi yake ni kuua vimelea, kwa jua na kwa maji ambayo alasiri hupanda hadi pH 9 na zaidi kwa sababu mwani umekula kabonidioksaidi yote.

Kwa watu 10,000, lita 80 kila mmoja, na joto la mwezi wa baridi la nyuzi 20, unahitaji bwawa la kwanza la mita za mraba 450, la kijani 6,300, na mawili ya mwisho ya 3,200 kila moja. Maji ni hekta 1.3, ukiweka kingo na barabara ya gari, andaa hekta 2. Umeme wa matibabu yenyewe: sifuri. Yanaharibika yakilemewa. Gari moja la tope la karo lina nguvu ya mara kumi au zaidi ya majitaka ya bombani, kwa hiyo magari yakimwaga moja kwa moja kwenye bwawa la kijani, mwani unakufa, maji yanageuka kahawia au zambarau, na harufu ya mayai viza inafika kwa majirani. Tope la magari litengewe vitanda vya mchanga: limwagwe unene wa sentimita 20 hadi 30, na kwa jua la Dodoma siku 10 hadi 15 linachimbika kwa koleo. Kiangazi chetu kinafaa hapa kuliko popote.

Hosteli, shule, nyumba za pamoja

Wenye watu 400 mahali pamoja hutoa mita za ujazo 32 kwa siku, na kwao shimo la kunywea ni ndoto mbaya. Wauzaji huwafikia kwanza na mtambo wa kupuliza hewa. Unatoa maji mazuri ukitunzwa, kwenye eneo la gari mbili. Lakini mitambo midogo hula uniti 1 ya umeme au zaidi kwa kila mita ya ujazo, hivyo uniti 32 kwa siku, mwaka mzima, na tope la ziada la kutoa kila baada ya muda mfupi. Umeme ukikatika saa kadhaa, bakteria wa hewa wanaanza kufa. Hosteli ina tatizo la pili: likizo. Wanafunzi wakiondoka miezi miwili bakteria wanakosa chakula, na wakirudi wote Jumatatu moja mtambo unapokea mzigo kamili bila wafanyakazi. Vipulizi vingi hufa kimyakimya, mlinzi anazima kelele, na maji yanaendelea kupita kwenye sanduku lililogeuka karo la bei ghali.

Kwa kiwanja chenye nafasi, tungechagua karo kubwa lenye kuta za kupanda na kushuka, likifuatiwa na kitanda cha matete, yaani kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, ambamo maji yanachujwa. Karo la namna hii lina vyumba vinne hadi sita mfululizo, maji yakilazimishwa kupita chini kwenye tope lenye bakteria kila chumba. Kitanda: mita za mraba 1.5 kwa mtu, yaani 600. Kina sentimita 60. Kokoto za milimita 10 hadi 20, na mawe ya milimita 40 hadi 80 kwenye mlango wa kuingilia. Maji yabaki sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto, hapo hakuna mbu wala harufu. Kinachokiua ni tope linaloponyoka kutoka karo lisilonyonywa: kokoto za mlangoni zinaziba, maji yanaibuka juu, na unalazimika kuzichimbua na kuziosha. Matete yavumilia likizo vizuri, ila kwenye kiangazi kirefu bila wanafunzi yapelekee maji kidogo kila wiki. Weka uzio, mbuzi wanayapenda.

Na maji yanayotoka, usiyapoteze. Mizabibu ya Dodoma inaweza kuyatumia, kwa mfereji au kwa matone chini, kamwe si kwa kurushia majani, na umwagiliaji ukome wiki mbili kabla ya kuvuna. Mabwawa yenye siku 8 hadi 10 za kutulia huondoa mayai ya minyoo. Kitanda cha kokoto pekee usikiamini kwa mboga zinazoliwa mbichi. Pima chumvi kila msimu, kwa sababu maji ya visima vyetu ni ya chumvi tangu mwanzo na jua linayazidishia: mabwawa ya watu 10,000 hupoteza karibu mita za ujazo 65 kwa siku kwa mvuke, asilimia 8 ya yote, na chumvi yote inabaki kwenye yaliyosalia. Mzabibu utakuonyesha kwenye kingo za majani ya zamani, zikikauka na kuwa kahawia kama zimepitishwa motoni.